KWA NINI MATUMBAWE HUFA TANGINI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa palipo na moshi hapakosi moto. Nimechagua methali hii kwa sababu watu wengi wanaofuga matumbawe katika matangi ya vioo husema, "Yanakufa bure tu, maji ni mazuri, sijui yana nini." Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba tumbawe halifi bure. Iko sababu, na sababu hiyo hutafutwa kwa utaratibu, si kwa kubahatisha wala kwa kumlaumu mtu.

TUMBAWE NI NINI?

Kwanza tuelewane. Tumbawe si jiwe, na si mti wa baharini kama wadogo zetu wanavyodhani. Tumbawe ni mnyama. Hasa ni wanyama wengi wadogo wadogo walioshikana pamoja, na kila mmoja huitwa polipi. Polipi ana mwili laini kama mfuko, ana mdomo mmoja, na kuuzunguka mdomo huo kuna mikono myembamba ya kunasia chakula. Chini yake hujijengea nyumba ya chokaa. Nyumba hizo zikirundikana kwa miaka na miaka ndipo tunapata mwamba. Ukitaka kuona kazi ya wanyama hawa bila kulowa miguu, nenda Fort Jesus hapa Mombasa. Kuta za ngome hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni za mawe yaliyochongwa kutoka mwamba wa matumbawe.

Ndani ya mwili wa polipi huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu. Mwani huu hutumia mwanga kutengeneza chakula, kama majani ya mhindi yanavyofanya shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye matumbawe mengi ni ya mwani huo. Basi mnyama huyu ana wapangaji wanaolipa kodi kila siku. Wapangaji wakihama, tumbawe hubaki jeupe, nasi husema limepauka. Kupauka si kufa, lakini ni njaa. Lisipopata mwani tena mapema, litakufa.

Kwa miaka mingi watu walishindwa kufuga matumbawe majumbani. Mmoja wa waliofungua njia ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 alieleza katika gazeti la wafugaji wa samaki jinsi alivyotumia mawe hai kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Siri yake ilikuwa kuiga bahari badala ya kushindana nayo. Hata leo, pamoja na taa na pampu za kisasa, siri haijabadilika.

TUMBAWE LINATAKA NINI?

Linataka mwanga wa kutosha, maji safi yanayokwenda, na zaidi ya yote linataka mambo yasiyobadilika ovyo. Bahari ni kubwa mno. Mvua ikinyesha au jua likiwaka, bahari hubadilika polepole. Lakini tangi la lita 200 si bahari. Stima ikipotea saa sita usiku, pampu zimezimika na hewa imeanza kupungua majini. Ukisahau kujazia maji siku tatu, chumvi imekwisha kupanda.

Maji ya bahari kuu yana chumvi kama gramu 35 katika kila kilo moja. Kalsiamu ni kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na magnesiamu ni karibu miligramu 1,300. Kuna pia kitu kiitwacho ualkali, ambacho ndicho akiba ya kujengea chokaa. Wafugaji wengi huuweka kati ya 7 na 11 kwa kipimo kiitwacho dKH. Joto zuri ni nyuzi 24 hadi 27 hivi za Selsiasi. Nazitaja hesabu hizi ili ujue kwamba afya ya tumbawe hupimika. Lakini kumbuka kuwa ualkali wa 8 leo, 8 kesho na 8 mtondo ni bora kuliko 7 leo na 11 kesho.

MASWALI YA KUULIZA

Daktari mwema hamdungi mgonjwa sindano kabla hajamwuliza anaumwa wapi. Nawe matumbawe yako yakidhoofika, usikimbilie dukani kununua dawa. Chukua daftari, keti mbele ya tangi, kisha jiulize maswali haya.

Swali la kwanza: Ni tumbawe moja au ni yote? Kama ni moja tu, shida huenda iko pale pale lilipo. Pengine jirani yake anaichoma. Ndiyo, matumbawe hupigana! Kuna aina ambazo usiku hunyoosha mikono mirefu yenye sumu na kumuunguza jirani. Aina nyingine laini hutoa sumu majini. Pengine wako wadudu: konokono wadogo au minyoo bapa inayokula nyama ya tumbawe. Wengi wao hujificha mchana, kwa hiyo wavizie usiku na tochi. Lakini kama yote yanadhoofika, tafuta kitu ambacho yote yanakishiriki, yaani maji, joto, mwanga au sumu.

Swali la pili: Dalili ni zipi? Tumbawe lililopauka lina nyama, ila haina rangi. Ukitazama kwa karibu utawaona polipi bado wapo. Hapo shuku joto au taa kali mno. Tumbawe lililochubuka halina nyama tena, ni mfupa mtupu, na mara nyingi uchubukaji huanzia chini kwenda juu. Hapo shuku maji yaliyobadilika ghafla, hasa ualkali, au ugonjwa, au wadudu. Tumbawe lililogeuka kahawia iliyokoza mara nyingi linapata mwanga mdogo au maji yana naitreti na fosfeti nyingi. Na kwa upande mwingine, tumbawe lenye rangi hafifu katika maji yasiyo na naitreti wala fosfeti hata chembe laweza kuwa lina njaa. Usafi ukizidi nao ni taabu.

Swali la tatu: Ilianza lini, na wiki mbili kabla yake nini kilibadilika? Taa mpya? Samaki mpya? Pakiti mpya ya chumvi? Chumba kilipakwa rangi? Kuna aliyepuliza dawa ya mbu? Dawa nyingi za mbu ni sumu kali kwa viumbe wa majini, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Kuna aliyewatibu samaki kwa dawa yenye shaba? Shaba huweza kumponya samaki lakini huua matumbawe, kamba na konokono.

Swali la nne: Maji ya kujazia yanatoka wapi? Ya mfereji huwa na klorini na pengine shaba ya mabomba. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati huweza kubeba zinki. Hata wale walio karibu na bahari kama sisi wasidhani kila maji ya bahari ni sawa. Ukiyachota karibu na mdomo wa mto au hori wakati wa masika, unachota maji ya mvua na matope. Afadhali uchote bahari ikijaa, mbali na mahali mto unapoingilia.

Swali la tano: Je, kuna chuma kinachooza? Skrubu moja, sumaku iliyopasuka ganda lake, au kibanio cha mpira wa maji huweza kutia sumu majini miezi mingi bila mtu kujua.

Swali la sita, ambalo wengi hulisahau, ni hili: Je, kipimo chako kinasema kweli? Hapa nitasimulia kisa kilichotokea mwaka jana, kwa sababu kinaeleza vizuri kuliko maneno matupu.

KISA CHA TANGI LA MKAHAWANI

Mjomba wangu hufanya kazi katika mkahawa mmoja hapa mjini, na miongoni mwa kazi zake ni kulitunza tangi la lita 400 lililo karibu na mlango wa kuingilia. Ndani mna samaki na matumbawe yaliyokuzwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka tangi jingine. Kwa muda wa miezi mitatu matumbawe hayo yalizidi kunywea. Hayakufa kwa pamoja. Yalijikunja, yakaacha kukua, kisha yale magumu yakaanza kuchubuka moja baada ya jingine. Cha ajabu ni kwamba samaki walikuwa wazima, wanakula na kuchezacheza.

Mjomba alipima kila kitu. Joto, nyuzi 26. Naitreti, kidogo. Chumvi, 1.025 kwenye haidromita yake ya plastiki yenye mkono unaopanda na kushuka. Kila wiki ilikuwa 1.025, haitikisiki. Mdosi wake hakutaka kusikia hesabu hizo. Alisema, "Maji ni mazuri na matumbawe yanakufa, basi ni uzembe wako." Akamwambia kwamba ikifika mwisho wa mwezi hali iko vile vile, gharama itakatwa kwenye mshahara. Mshahara huo ndio unaowasomesha binamu zangu wawili, kwa hivyo jambo hilo halikuwa mchezo hata kidogo.

Nilipokwenda kumwona siku ya Jumamosi, tuliyapitia maswali niliyoyataja. Dawa ya mbu? Hapana. Shaba? Hapana. Taa? Ni zile zile. Wadudu? Tulingoja mpaka taa zilipozimwa, tukamulika kwa tochi, hatukuona kitu. Tulipoinama kutafuta chuma kilichooza chini ya tangi, niliona kitambaa kimetandikwa kwenye kabati.

"Mjomba, mbona hiki kitambaa kimelowa?" nikamwuliza.

"Ah, mwanangu, hayo ni maji ya kurukaruka tu. Huwa nakikamua kila jioni."

Nilipokigusa, pembeni kilikuwa kigumu na kimeota vichembe vyeupe. Ilikuwa chumvi. Juu yake kidogo, kwenye kiungo cha bomba, tone moja lilikuwa linaning'inia. Tulihesabu, na baada ya kitambo kidogo likaanguka, na jingine likaanza kujitunga.

Sasa fikiria, msomaji. Maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, ni maji matupu yanayoondoka, chumvi hubaki. Ndiyo maana mfugaji hujazia maji yasiyo na chumvi. Lakini maji yakivuja, huondoka pamoja na chumvi yake. Mjomba alikuwa akiona maji yamepungua, anadhani ni mvuke, anajazia maji baridi. Kila siku chumvi kidogo ilikuwa inatoka kwa kiungo na hairudi. Ama kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini mbona haidromita ilisema 1.025? Tukaiosha kijuujuu, tukaitia maji ya mfereji yasiyo na chumvi. Mkono wake ulipaswa kulala chini kabisa. Wapi! Ulisimama pale pale karibu na 1.025. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye ekseli yake na kuubana. Kipimo kilikuwa kimekufa, na kwa miezi mitatu kilikuwa kinatoa ushahidi wa uongo.

Jumatatu nilibeba chupa mbili shuleni: moja ya maji ya tangi, na nyingine ya maji ya bahari niliyoyachota ufuoni bahari ikiwa imejaa. Mwalimu wetu wa Fizikia aliniruhusu kutumia chupa ya densiti, ile tuliyoitumia Kidato cha Kwanza. Maji yaliyotoneshwa yalikuwa na gramu 49.8. Maji ya bahari, gramu 51.1. Maji ya tangi, gramu 50.8. Ukigawanya 51.1 kwa 49.8 unapata 1.026, ambayo ndiyo bahari inavyotakiwa kuwa. Ukigawanya 50.8 kwa 49.8 unapata 1.020. Kwa maneno mengine, tangi lilikuwa na chumvi kama gramu 27 mahali palipotakiwa gramu 35. Na chumvi ikipungua, kalsiamu, magnesiamu na ualkali hupungua pamoja nayo. Samaki wengi huvumilia upungufu kama huo, ndiyo maana walikuwa wazima. Matumbawe hayavumilii.

Mjomba aliziba kiungo siku hiyo hiyo. Hakumwaga chumvi yote kwa mara moja, maana dawa ya ghafla ingeyamaliza hata yaliyobaki. Alipandisha kidogo kidogo, chini ya gramu moja kwa siku, akijazia maji ya bahari badala ya maji baridi, na kila mara nilimpimia. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya wiki mbili. Matumbawe mawili magumu yalikuwa yamekwisha kufa na hayakurudi. Mengine yalianza kufungua polipi wao tena, na mwezi wa pili ncha zake zikaonyesha ukingo mweupe wa kukua. Mdosi alionyeshwa daftari lenye hesabu zote. Hakuomba radhi, lakini mshahara haukukatwa.

KANUNI ZA KUSHIKA

Kutokana na hayo, nazitoa kanuni chache kwa yeyote mwenye tangi, au anayetaka kuwa nalo siku moja.

(a) Pima kipimo kwanza. Haidromita ijaribiwe katika maji yasiyo na chumvi, kisha katika maji ambayo chumvi yake inajulikana. Dawa za kupimia zina tarehe ya mwisho kwenye chupa, isome.

(b) Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ngoja siku kadhaa. Ukibadilisha taa, chumvi na chakula siku moja, hutajua kilichoponya wala kilichoua.

(c) Andika. Daftari la shilingi chache hukumbuka kuliko kichwa.

(d) Wakati unatafuta sababu, badilisha sehemu ya maji kwa maji mazuri yaliyo na joto na chumvi sawa, na weka makaa maalumu ya kuchujia, kwa kuwa hunyonya sumu nyingi.

(e) Matokeo yakiwa yale yale kila wiki bila kutikisika, usifurahi upesi. Tangi ni kitu kinachoishi, na kitu kinachoishi hutikisika kidogo.

(f) Usichukue matumbawe baharini. Katika hifadhi zetu za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuyagusa. Na matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo hayavushwi mpaka bila kibali.

TANGI NA BAHARI

Huenda wengine mtasema, "Sisi hatuna matangi, yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Kwa dunia nzima ilikadiriwa kuwa asilimia 16 ya matumbawe iliharibika. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkuu wa mara ya nne. Nyuzi moja tu juu ya joto la juu la kawaida, ikidumu wiki kadhaa, yatosha kuwahamisha wale wapangaji niliowataja.

Matumbawe yakiondoka, samaki wengi hukosa pa kuzalia na kujificha, na mawimbi hupata njia ya kuufikia ufuo. Hapo atakayeumia ni mvuvi na mtoto wake. Ajabu ni kwamba lawama nazo huanza mapema: mwenye hoteli amlaumu mvuvi, mvuvi amlaumu mtalii, mtalii amlaumu mwenye hoteli. Huenda kila mmoja ana sehemu yake, lakini lawama si kipimo. Kule baharini pia lazima aulizwe: ni tumbawe moja au ni yote, dalili ni zipi, ilianza lini, nini kilibadilika? Tofauti ni kwamba tangi likiharibika waweza kubadilisha maji yake. Bahari hatuna nyingine ya kubadilishia.

Kwa hayo machache, wanachama wenzangu, hasa mnaokaa karibu na ufuo, nawaomba mjifunze kupima kabla ya kusema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.